Mwatima Asimama Mlangoni

Bi Mwatima wa Jadida, Wete, huoka mikate ya mofa, ile inayobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Ana tabia ya kuzungumza na unga: huukemea ukichelewa kuumuka, huusifu ukitii. Saa nne asubuhi mikate imekwisha. Adhuhuri keshasali, keshakula, na mumewe Vuai yuko kazini bandarini Mkoani mpaka mwisho wa wiki. Hapo mwanamke huyu wa miaka arubaini na mitatu, ambaye hajapata kumrushia jiwe hata kuku wa jirani, hujilaza mkekani, akatia waya masikioni, akaingia vitani.

Aliyemtia katika mambo hayo ni wifi yake Khairat, dada yake Vuai, mkulima wa muhogo huko Mgogoni. Walikuwa wakipigiana simu kila mchana mpaka maneno yakawaishia. Khairat akamwambia, "Wifi, pakua gemu hili. Tutazungumza huku mikono ina kazi." Kazi yenyewe ilikuwa kuwapiga risasi watu wasiowajua, wa nchi wasizozijua, ndani ya mji wa mawe uliozingirwa na maadui. Wa tatu wao alikuwa Mwalimu Ashraf wa Makangale, msomeshaji wa hesabu, ambaye sauti yake tu ndiyo waliyoijua. Walimfanya amiri kwa kuwa hakuwa na pupa.

Mwatima hakuwa na shabaha. Alichokipenda ni hadithi, maana kila msimu wenye gemu walileta mpya. Msimu ule hadithi ilikuwa ya mzee mwoka mikate, mwenye kofia nyeupe. Katikati ya kila raundi kengele ya mnara hulia, mzee akafungua mlango, akatoka na kapu lake, na kombora likamwangukia papo hapo. Mlango ukabaki wazi, na wachezaji wakaingia kuchukua bunduki kubwa zilizofichwa ndani ya tanuri. Ndivyo ilivyotungwa: mzee afe, bunduki zipatikane.

Mara ya kwanza alipoona, Mwatima aliguta. "Aka! Mwoka mikate gani huyu, atoe mkate saa sita mchana? Amuuzie nani?"

"Wifi, ingia uchukue bunduki!"

Aliingia, akachukua. Lakini kila raundi mzee alikufa, na watu wakaikanyaga mikate wakikimbilia tanuri. Mwanzo iliyomuuma ni mikate. Baadaye mzee mwenyewe akaanza kumuuma moyo. Akajaribu kuwaua maadui wote mapema; kombora likaja. Akafukiza barabara nzima moshi. Kombora likaja vilevile.

Siku moja Vuai alipiga simu katikati ya raundi kuuliza ulipo ufunguo wa sanduku. Mwatima aliporudi kwenye gemu alimkuta askari wake kasimama alipomwacha, kwenye kizingiti cha mzee. Kengele ilikuwa ishalia. Barabara ilikuwa tupu, imechimbika shimo. Na nyuma ya askari wake kulikuwa na mtu anasukuma, anataka kutoka, hana pa kupita.

"Khairat! Mzee yuhai!"

"Mzee gani?"

"Wa mikate! Nimemzibia mlango, yuhai!"

Tangu siku hiyo, raundi ikianza tu, Mwatima alikimbilia mlangoni akasimama. Bunduki za tanurini zikawa hazipatikani, na timu ikafungwa siku nne mfululizo. Ashraf akashindwa kuvumilia.

"Bi Mwatima, nisamehe, lakini unatuponza. Yule si mtu, ni picha. Na hadithi yake ishaandikwa."

"Najua ni picha, Mwalimu. Lakini aliyeandika kanipa miguu. Kama kanipa miguu, ntasimama ninapotaka mimi."

Ashraf akamgeuza askari wake, akaipima barabara. Kisha akasema, "Basi tusimame vizuri. Khairat, kaa dirishani. Mimi nashika njia ya mnara."

Raundi ile walifika mwisho wakiwa hai wote. Mwatima akageuka kumtazama mzee. Alikuwa mezani, anainua mkate, anauweka, anauinua tena.

"Hawakumwandikia kitu," Mwatima alisema taratibu. "Hawakudhani atafika huku."

"Basi tumwandikie siye," Khairat akasema. "Jina lake Mzee Ngwali. Ana mke?"

"Mgane, kafiwa na mke."

"Na mtoto mmoja," Ashraf akatia, "hesabu hazimwingii."

Wakacheka. Kila mchana wakamwongezea kitu: ugomvi na muuza unga, posa aliyokataliwa ujanani. Siku moja adui akatokeza kwenye kona, bunduki juu. Alimwona Mwatima kasimama mlangoni, hapigi. Naye hakupiga. Alitazama, akatazama, akaenda zake. Kesho yake wachezaji wawili wageni walisimama pamoja na Mwatima, na Ashraf akaona mtandaoni picha za watu wa lugha nyingine wakiziba mlango uleule.

Kisha wenye gemu wakalirekebisha. Kengele ililia, na mzee akampenya Mwatima mwilini kama moshi, akatoka na kapu lake. Raundi iliyofuata Ashraf aliwaamrisha wamalize risasi zote kwenye kengele. Ililia vilevile.

Mwatima akachomoa waya masikioni. Siku tatu hakucheza. Ya nne Khairat akampigia simu ya kawaida.

"Wifi, umefiwa?"

"Nikisema ndiyo nakufuru. Nikisema la, nadanganya."

Khairat hakucheka. Alikaa naye kwenye simu mpaka adhana ya alasiri.

Mwatima aliwaandikia wenye gemu, kwa Kiswahili: "Mtu mliyemtia roho ya uongo, siye tulimtia ya huruma. Mmeona kosa ni letu." Ukamjia ujumbe wa shukrani wa mashine, pamoja na zawadi ya kofia nyekundu ya askari wake. Hakuivaa. Msimu ulipokwisha, mji ule ukaondolewa, na mzee naye.

Wiki mbili baadaye mwanamme mwembamba alifika Jadida, anatoka kwenye mkutano wa kazi mjini.

"Asalaam aleikum. Mikate ipo?"

Mwatima aliijua sauti kabla ya kuinua uso. "Waaleikumu salaam, Mwalimu. Imekwisha. Kaa, nikukandie mingine."

Ashraf akakaa barazani, kaona haya, anatazama viatu vyake. Mkate wa kwanza ulipobandikwa, akakohoa.

"Nimefikiri, Bi Mwatima. Mzee Ngwali si lazima afe na mji ule. Tunaweza kumhamisha. Nilisema, labda, aje hapa Wete."

Mwatima akautoa mkono mofani, akamtazama.

"Wete hapana. Wete naoka mimi. Mpelekeni Chake."