Dakika ya Ukimya Katika Filamu za Shangwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilicheka, na kicheko kile nusura kinirudishe nyumbani.

Ilikuwa Karatu mjini, uani mwa nyumba moja ya wageni ambayo kundi la filamu kutoka Arusha lilikuwa limepanga vyumba vyake vyote. Mimi ni Mwiraqw wa hapa hapa, na wakati huo ujuzi wangu wote ulikuwa kuendesha vyombo vya sauti vya kwaya kanisani. Walihitaji msaidizi wa sauti, mwalimu wa kwaya akanitaja. Nilifika asubuhi na mapema nikiwa na kitenge cha pili mkobani, kama mtu anayekwenda kujifungua, maana sikujua yatakayonikuta.

Mkubwa wa idara yetu tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mtu wa Machame, mpole, aliyezungumza kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alinivika hedifoni, akanionyesha kisanduku chenye vifundo vingi ambamo sauti za maiki zote hukutana, akaniambia, "Dada, watu wote hapa wanatazama. Mimi na wewe tu ndio tunaosikiliza."

Filamu zetu zilikuwa za kuchekesha na za nyimbo, na nyota wake alikuwa mwimbaji mmoja tu, Shangwe. Vijana wa leo mnamkuta kwenye simu zenu, lakini zamani zile watu walijaa kwenye mabanda ya video kumwona. Kila filamu alikuwa mtu mwingine, ila bahati yake ilikuwa ile ile: anaingia matatani kwa ujinga wake, anaimba, anatoka matatani, anaoa. Siku ile alikuwa bwana harusi aliyevaa suti ya kuazima, na mwenye suti ametokea kuidai mbele ya wakwe. Shangwe alianza kuvua soksi moja kwanza, kwa heshima zote, na mimi nikaangua kicheko.

"Kata," alisema Mwongozaji. Huyu ndiye aliyekuwa juu yetu sote, mtu mrefu, mwenye sauti kavu. Aligeuka taratibu. "Nani amecheka?"

Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mama, watu watacheka wakiwa kwao. Hapa hakuna anayecheka."

Tangu siku hiyo nilifanya kazi ya vichekesho nikiwa nimeuma kitambaa cha kichwani, na hofu ya sauti ile haikunitoka. Nilipomwona Mwongozaji akija upande wangu, niliinamia vifundo vyangu. Sikuwa peke yangu. Hata Mpiga Picha Mkuu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akijikohoza kabla ya kumjibu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Nyimbo hazikurekodiwa pale tulipopigia picha. Shangwe aliziimba studio kwanza, kisha tukifika mahali tunaucheza wimbo kwa spika naye anaufuata kwa midomo na miguu. Mazungumzo ndiyo tuliyorekodi papo hapo, kwa maiki ndogo iliyofichwa kifuani mwake na nyingine iliyoshikwa juu kwa fimbo ndefu. Halafu kuna kitu cha tatu ambacho wageni hawakukielewa: ukimya. Kila mahali pana ukimya wake. Wa chumba si wa shamba, na wa shamba si wa msitu. Kabla ya kuondoka, watu wote walisimama walipo, wakazuia hata kikohozi, tukarekodi dakika moja ya mahali hapo ili fundi wa kuunganisha filamu aitandike chini ya maneno. Atakayevunja dakika hiyo, tunaianza upya.

Tulifanya kazi Mbulumbulu kwenye ngano, ambako upepo uliingia maikini kama maji, mpaka tukaivisha kifuko cha manyoya. Kisha tukashuka Mang'ola, Shangwe akiwa kijana anayevuna vitunguu ili apewe mchumba. Hapo ndipo nilipovunjika moyo. Katikati ya mazungumzo nilisikia mngurumo mdogo kwenye hedifoni, nikanyoosha mkono kusimamisha kazi. Mwongozaji akavaa hedifoni, akasikiliza, akasema hasikii kitu. Mpiga Picha naye akasema hasikii.

"Mama Neema," Mwongozaji alisema mbele ya wachuuzi na makuli wa malori, "ukisimamisha kazi tena kwa sauti unayoisikia peke yako, utarudi kwaya." Makuli wakacheka.

Jioni Fundi Mkuu alirudia kusikiliza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulikuwa sahihi. Ni pampu ya maji, upande wa pili wa mashamba."

"Utamwambia?"

Alikunja waya wake, akaukunja tena. "Tuache tu," alisema.

Filamu iliyofuata Shangwe alikuwa mwongoza watalii anayeogopa wanyama. Tulipata kibali cha kupiga picha Ngorongoro, kwenye uwazi mdogo ndani ya msitu wa ukingo wa kreta. Kibali kilikataza spika. Kwa hiyo Fundi Mkuu alimwekea Shangwe kidude kidogo sikioni, wimbo ukamfikia yeye peke yake. Kwenye mashine yangu palikuwa na kitufe, nikikibonyeza, naongea naye moja kwa moja: "Shangwe, wimbo unaanza." Ilikuwa ajabu kumwona mtu mzima akicheza msituni bila muziki wowote, ukungu ukimpita miguuni, na sisi tumenyamaza kama tuko msibani.

Askari wa hifadhi tuliyepewa alikuwa na bunduki na maneno machache. Asubuhi alituambia, "Nyati wa msitu huu hatoi taarifa. Mkiniona nimeinua mkono, hakuna kukimbia." Mimi nimekulia pembezoni mwa msitu huo. Nilijua watu walioingia kutafuta kuni na hawakurudi kwa miguu yao.

Mchana, kazi ikiwa imekwisha, Mwongozaji aliita dakika ya ukimya. Shangwe alisimama katikati ya uwazi, mgongo kwa kichaka. Fundi Mkuu alikuwa amechuchumaa ndani ya kichaka hicho, ambako alikuwa ameficha maiki moja ya kuchukua sauti za ndege. Sisi wengine tulikuwa upande wa pili, karibu na magari. Nikaanza kurekodi.

Nilisikia ndege. Nilisikia matone yakidondoka kwenye majani. Kisha, kutoka maiki ya kichakani, nikasikia pumzi.

Ilikuwa pumzi nzito ya puani, fupi, na baada yake nyasi zikikatwa. Nilijiambia ni ng'ombe wa Wamaasai. Nimekamua ng'ombe tangu utoto na nilijua sivyo wanavyopumua, lakini nilijiambia hivyo. Nilimtazama Askari, alikuwa akitazama upande mwingine. Nilimtazama Mwongozaji, alikuwa akitazama saa yake. Sekunde kwenye mashine zilikuwa zikitembea, kumi na tano, kumi na sita, na nilichokiona machoni mwangu ni Mang'ola, makuli wakinicheka. Pumzi ikaja tena, karibu zaidi. Kwenye arobaini ndipo nilipomgusa Askari begani, nikagusa sikio langu, nikaonyesha kichaka.

Hakuuliza. Aliinua mkono, akanong'ona, "Rudini magarini. Polepole. Asikimbie mtu."

Watu walianza kurudi kinyumenyume. Shangwe aliuona mkono, akaelewa, akaganda. Kwenye maiki ya kifuani mwake nilisikia moyo ukigonga nguo. Nikabonyeza kitufe.

"Shangwe, ni mimi, Mama Neema. Usigeuke nyuma. Njoo kwangu."

"Mama," alinong'ona, "miguu siisikii."

"Iko. Naiona. Vuta wa kulia."

Akauvuta.

"Sasa wa kushoto. Usinitazame uso, tazama viatu vyangu."

Sauti yangu ilitoka imetulia na sijui niliitoa wapi. Hatua kwa hatua nilimtoa pale, sikio moja likiwa na pumzi yake, jingine na pumzi ya yule mnyama. Na muda wote nilijua kwamba Fundi Mkuu hana kidude sikioni. Sikuwa na njia ya kumwita ila kupiga kelele, na kelele ingemleta nyati.

Shangwe alipomfikia Askari, Fundi Mkuu aliinuka kichakani atoke. Nyati alitokea nyuma yake. Sikuona vizuri; nilisikia. Nilisikia matawi yakivunjika, kisha kishindo, kisha mlio wa Fundi Mkuu ambao maiki iliuleta masikioni mwangu kana kwamba nimelala chini kando yake. Askari alipiga risasi, akapiga ya pili. Nyati akageuka, akatokomea kwenye ukungu.

Nyonga ya Fundi Mkuu ilikuwa imevunjika na mbavu pia. Tulimlaza kwenye gari juu ya vitenge na makoti, tukateremka na ile barabara ya kona mpaka Karatu, kichwa chake mapajani mwangu. Aliishi, Mungu ashukuriwe, lakini hakurudi kazini tena. Nafasi yake nilipewa mimi.

Kamera ilikuwa imeachwa ikirekodi. Mwongozaji alipoona zile hatua za Shangwe, amekakamaa kama kuku aliyenyeshewa, midomo ikitetemeka, alizitia kwenye filamu na wimbo juu yake. Shangwe alimwomba aziondoe. "Hizo ndizo zitakazochekesha," Mwongozaji alijibu. Kweli zilichekesha. Nilikaa ndani ya banda la video hapa Karatu, watu wakishika mbavu na kupiga mabenchi, nikatoka kabla haijaisha.

Nilikuwa Fundi Mkuu kwa miaka mingi, chini ya waongozaji wanne. Kila kundi nililoingia nilimwambia mkubwa wake siku ya kwanza kwamba yeyote wa idara yangu ana ruhusa ya kusimamisha kazi, hata kama amesikia peke yake, hata kama amekosea. Wengine walikubali kwa shingo upande. Mmoja alikataa, nikafunga mizigo. Nilistaafu nilipoanza kuwaomba waigizaji warudie maneno ambayo wenzangu waliyasikia. Sikungoja kuambiwa.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumwona Fundi Mkuu wangu. Alibaki Karatu, anatengeneza redio, na anatembelea fimbo. Mkewe alituletea chai na makande, akatuacha. Nilikuwa nimebeba neno langu miaka yote hiyo, na niliogopa kulitoa kuliko nilivyoogopa msituni.

"Mzee," nilisema, "siku ile nilimsikia mapema. Nilinyamaza karibu nusu dakika. Nilimwogopa Mwongozaji. Ningesema, ungekuwa unatembea bila fimbo."

Hakunitazama. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nilikuwa kichakani, Mama Neema," alisema. "Mimi nilimsikia kabla yako. Nilisikia hata harufu yake."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Ulikuwa unarekodi," alisema. "Niliogopa kuharibu dakika."

Nje watalii walikuwa wakipita na magari yao kuelekea juu. Tulikaa pale, wazee wawili, chai ikapoa, na hakuna kati yetu aliyejua nani aanze kulia.