Karatasi Aliyoisoma Kahaso

Kahaso mke wa Randu ni jirani yangu wa meza hapa Miritini. Mimi nauza maji na ndizi, yeye mahamri na mbaazi za nazi. Kabla ya reli mpya alikuwa Changamwe akiwapikia madereva wa malori. Makontena yalipopanda treni, malori yakapungua, na sufuria zake zikawa zarudi nyumbani na chakula. Hakukaa akalia. Alijitwika meza akawafuata watu huku wanakoteremka treni. "Mbaazi hazina miguu," aliniambia siku ya kwanza, "mie ninayo." Darasa la nne ndilo aliloishia, na watoto wake watatu wamesomeshwa na meza ile.

Mwaka jana kampuni moja ilikitaka kiwanja chetu iegeshe malori. Sheria yasema wananchi wasikizwe kwanza, basi tukaitwa mkutano. Karani wao, Felix, kijana mwenye adabu zake, akatugawia soda na mkate, akazungumza saa nzima, kisha akapitisha karatasi tuandike majina. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Kwetu pwani, umekula cha mtu, naye amekuomba jina tu, utamkatalia kwa uso gani? Tukaandika sote arobaini na wawili. Mimi nilikuwa wa tatu, Mungu anisamehe.

Baada ya wiki tatu ikabandikwa ilani: wafanyabiashara wamekubali kuhama, mkutano wa mwisho ni Alhamisi. Chini yake, majina yetu.

Kahaso aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Kumbe tumeuza kiwanja kwa soda," akasema. "Na hata baridi haikuwa."

Tukacheka huku machozi yatutoka.

"Basi Alhamisi tusende," akasema Kulthum, muuza samaki.

"Tusipokwenda watasema tumeridhika," akajibu Kahaso. " Tutakwenda, na tutaandika. Lakini jina peke yake, hapana."

Siku zilizobaki, wateja wakipungua, alinyunyiza unga kwenye kibao cha kusukumia mahamri, akaandika kwa kidole: SIKUBALI. Wasiojua kuandika wakafuatisha, wakafuta, wakarudia.

"Mie kalamu hainijui tangu nizaliwe," akalalamika Kulthum.

"Leo itakujua, dadangu. Umezaa saba, herufi nane zitakushinda?"

Alhamisi tulikwenda tumeshiba mbaazi za Kahaso, kila mtu sahani yake, wala hakutaka malipo. Soda zikaja, tukashukuru, tukaziacha mezani.

"Mama zangu, mbona hamnywi?" Felix akauliza.

"Twafunga, mwanangu," akajibu Kulthum.

"Kulthum! Na harufu yote hiyo ya nazi?" nikamwambia, na ukumbi mzima ukacheka.

Kahaso akasimama. "Tumekula kwetu, mwanangu. Lete karatasi."

Ilizunguka kwa muda mrefu. Kulthum alitoka jasho mpaka kidevuni. Ilipomfikia bibi mmoja wa serikali, aliyekuja kuendesha mkutano, aliinua miwani.

"Kila jina lina neno sikubali. Ndiyo nini?"

"Ndilo jawabu letu, bibi," akasema Kahaso, pole pole, bila ukali. "Mara ya kwanza tulitoa majina, jawabu likatiwa na wengine."

Felix akatazama viatu vyake. Yule bibi akauliza, "Hamtaki maendeleo?"

"Twayataka. Malori na yaje, dereva hula. Lakini geti lao liwe upande wa pili, na ukanda huu wa barabarani mtuachie. Na iandikwe."

Yule bibi akaiandika, mbele yetu.

Ilichukua miezi miwili. Mimi sikuacha dua, na Kahaso hakuacha kwenda kuuliza. Alhamdulillahi, mwezi uliopita Felix akaja na barua yenye muhuri: geti limehamishwa, ukanda ni wetu. Akamnyoshea Kahaso kalamu.

"Weka sahihi hapa, mama. Ni ya kupokea tu."

"Najua, mwanangu. Ngoja nimalize kusoma."

Akamwacha amesimama juani, akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini, na tarehe pia, nasi tumemzunguka. Alipomaliza akatia sahihi, akamvutia Felix kiti, akampakulia mbaazi.

"Kula," akamwambia. "Hapa huandikishwi jina popote."