Tahvo Anatafuta pa Kulala

Kiwanja cha nne nacho kilimkataa. Tahvo Räihä alitoka chini ya msonobari asubuhi ile macho mekundu, akakung'uta blanketi, akasema, "Hapa pia hatutakiwi."

"Na nani?" Hilja, mkewe, alikuwa amechuchumaa anakamua ng'ombe, na tumbo lake la mimba lilimnyima nafasi. "Na mbu?"

"Na mwenye ardhi. Sikupata hata lepe la usingizi."

Huku kwetu, kaskazini ya Ufini, neno hilo halichekwi. Kabla hujakata mti wa kwanza wa nyumba, unalala usiku mmoja juu ya udongo ule ule, chini kabisa. Kila ardhi ina mwenyewe asiyeonekana. Akikuridhia, unalala. Asipokuridhia, atakusumbua mpaka kuche, na ukileta ukaidi ukajenga, shauri yako. Hilja alilelewa hivyo hivyo, kwa hiyo kiwanja cha kwanza hakubisha, wala cha pili. Cha tatu alinung'unika, maana kilikuwa na chemchemi. Hiki cha nne kilimuuma kweli.

Walikuwa wakimbizi, hawa wawili. Vita vilipokwisha, mpaka na Urusi ulisogezwa, na kijiji chao kule Karelia kikabaki upande wa pili. Wakapewa chumba katika nyumba ya watu huko kusini, ambako mwenye nyumba alikuwa akitazama kila gogo la kuni walilotia jikoni. Ndipo serikali ikasema wasio na makwao watapewa mapori ya kaskazini. Shamba baridi, ndivyo tunavyoyaita: huna nyumba, huna zizi, huna hata choo, una miti na mawe tu. Hilja alifurahi kuliko bibi harusi. Mtoto wake angezaliwa theluji ikianza kuanguka, na kwetu mwanamke hujifungulia ndani ya sauna, kile kijumba cha mvuke ambacho ndicho hujengwa kwanza na watu hukaa humo mpaka nyumba isimame. Lakini bila kiwanja, sauna utaijenga wapi? Angani? Wangerudi kwenye kile chumba, na mtoto azaliwe kwenye pembe ya watu. Hilo Hilja alishaapa halitatokea.

Aliyewatembeza porini alikuwa Iisakki, mzee wa huku huku, mlinzi wa misitu, mdomo hauna breki.

"Mkarelia," alisema asubuhi ile, "hebu niambie ukweli. Unatafuta shamba au unatafuta godoro?"

Tahvo alikuwa keshaanza kuzungukazunguka, mara afunge mzigo, mara aufungue, mara apande juu ya jiwe aangalie mbali. Mtu asiyetulia yule! Hata kula alikula amesimama.

"Kimebaki kimoja," Iisakki aliendelea. "Ukikikataa hicho, nawarudisha barabarani, mie nikavue samaki wangu. Nimechoka."

Walitembea kutwa nzima, ng'ombe nyuma, wakikwepa madimbwi. Kiwanja cha tano kilikuwa mteremko uliotazama jua, kando ya ziwa dogo, una miti ya magome meupe, dalili ya udongo mkavu, na chini yake majani mabichi mpaka magotini. Hilja alipokiona moyo ulimpasuka kwa hamu, akajizuia asiseme neno. Mansikki, ng'ombe wao, hakujizuia. Alikula majani mdomo ukajaa, akajilaza pale pale, akafumba macho.

"Haya!" Iisakki akapiga paja. "Ng'ombe kesharidhiwa. Umebaki wewe, bwana mkubwa."

Majira yale jua halizami, kwa hiyo walipomaliza mkate wao mweusi na samaki wa chumvi kulikuwa bado kweupe. Tahvo alitandika blanketi katikati ya mteremko, akalala chali. Hilja aliketi kwenye gogo, akamwangalia. Siku zote alikuwa akimpa kisogo ili mambo ya mume na ardhi yamalizwe na wenyewe. Leo aliangalia, na alichokiona kilimshangaza. Mume wake alikuwa amelala na buti miguuni, kamba zimekazwa. Mzigo ulikuwa chini ya kichwa, na mkanda wake ameuzungusha mkononi.

"Tahvo. Mbona hujavua viatu?"

"Nivue vya nini?"

"Si unalala?"

Tahvo aliukaza mkanda mkononi.

"Na kule kwingine kote ulilala hivi hivi?"

Tahvo alikaa kitako. Alijikuna shingo, akatazama ziwa, akatazama tena buti zake.

"Siku ile kijijini," alisema, "nilikuwa nimeshinda shambani napanda viazi. Nikalala fofofo, Hilja, usingizi wa kitoto. Baba akanitikisa bega. Nilipofumbua macho ng'ombe walikuwa wameshafunguliwa na mkokoteni uko mlangoni. Nililala nina kwetu, nikaamka sina. Tangu hapo kila nikifumba macho nausubiri ule mkono."

Hilja alimwonea huruma mpaka machozi yakamtoka, na hasira zikampanda hapo hapo.

"Viwanja vinne, Tahvo! Vinne! Na chemchemi ile! Wenye ardhi wamekaa kimya huko chini, sisi tunawasingizia! Toka hapo."

"Unafanya nini?"

"Nalala mimi."

"Anayelala ni mwenye nyumba."

"Na mimi ni nani, mpangaji? Toka, nimesema!"

Alivua viatu vyake, akavipanga pembeni ya blanketi, akajilaza ubavu, mkono juu ya tumbo. Papo hapo Hilja akaanza kukoroma. Alikoroma mpaka Iisakki akatoa kichwa ndani ya hema lake na kuuliza kama dubu amekuja. Tahvo alikaa kando yake usiku kucha, akimfukuzia mbu kwa tawi. Hilja alipoamka, alimkuta mumewe ameshika shoka, amesimama mbele ya mti, anangoja ruhusa.

"Kata," akamwambia.

Sauna ikajengwa. Hata ilipoezekwa, Tahvo hakutulia. Alilala na buti miguuni, karibu na mlango, na kila mara alitoka kuzunguka kijumba, akigusa kuta. Hilja hakumsema. Theluji ya kwanza ilianguka, na mtoto akazaliwa, msichana mwenye mapafu ya kupigia mbiu. Tahvo alimshika, akamrudisha kwa mama yake, akaketi kwenye benchi. Akainama, akafungua kamba za buti, moja, kisha nyingine. Akajinyoosha pale pale.

Kesho yake mchana Iisakki alifika na samaki wa kupongeza wazazi. Mtoto alikuwa akilia mpaka paa linatikisika, na baba mtu yuko kwenye benchi, miguu mitupu, mdomo wazi.

"Looh! Mwanamume gani huyu?" Iisakki akanyoosha mkono kuelekea bega la Tahvo.

Hilja aliruka kutoka kitandani, akanyakua upawa. "Iisakki! Liguse bega hilo uone!"

"Lakini mtoto analia, mama."

"Mwache alie. Yuko kwao."

Iisakki akarudisha mkono. Akavua viatu vyake, akaviweka chini ya benchi kando ya buti za Tahvo, akakaa kimya kungoja.