Filme ya Meza

Mimi napenda filme zinazochosha. Nasema hivyo mwenyewe, mapema, ili mtu asijipe kazi ya kunitukana. Napenda filme ambamo hakuna anayepigwa risasi, hakuna mchawi, hakuna mke mwenza anayetia sumu kwenye mchuzi. Mtu anaosha sahani, na mimi namtazama mpaka sahani ziishe. Hapa Kamina, ukitaka kuwaondoa wageni nyumbani kwako bila kuwavunjia heshima, niite nije na flashi yangu ya filme. Kabla chai haijapoa watakumbuka kwamba wameacha sufuria motoni.

Ugonjwa huu niliupata Lubumbashi nilipokuwa nasomea ualimu. Mvua ilinikuta njiani, nikakimbilia kwenye jumba moja ambako walikuwa wanaonyesha filme bure. Viti vilikuwa vitupu, mlinzi amelala, na kwenye kitambaa cheupe cha mbele mzee mmoja alikuwa anabeba meza mgongoni. Meza ya mbao, kubwa kumshinda. Dada yake amekufa, na yeye anaitoa meza nyumbani kwa marehemu kuipeleka kwake, kwa miguu, akipita milima ya nchi ya baridi. Basi, filme ndiyo hiyo. Anabeba, anachoka, anaitua, anakaa juu yake anakula mkate, anaibeba tena. Mvua ya nje ilikatika, mimi nikabaki. Nilitoka mle nimejaa maneno, na sikuwa na mtu wa kumwambia hata moja.

Hayo ni ya zamani. Sasa nafundisha jiografia hapa Kamina, nina mke, nina watoto, nina televizio na plake za jua juu ya bati. Siku ya Mungu, tukitoka kanisani na kumaliza bukari, ugali wetu, televizio ilikuwa yangu. Huo ulikuwa mkataba wa nyumba. Filme ya meza niliipata kwa rafiki, nikaiweka kwenye flashi, na kila nilipoifungua salo, sebule yetu, ilibaki na mimi na viti.

Aliyenisumbua zaidi ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, muuza samaki wa Bukama pale sokoni. Yeye ni mtu wa vita na mpira. Anakaa, anavua viatu, anaangalia kidogo, halafu anaanza.

"Shemeji, huyu muntu anabeba meza, anabeba meza, anabeba meza. Hana kinga?"

Kinga ni baiskeli. Kwetu hata kitanda na godoro lake vinasafiri kwa kinga.

"Angekuwa na kinga, filme ingeisha mapema, na weye ungerudia kwako mapema," nikamjibu. "Kweli, ingekuwa muzuri sana."

"Aa wapi! Iyi filme iko panne, haitembei. Fundi aliisahau njiani."

"Kipenda roho hula nyama mbichi."

"Kula, shemeji, kula. Lakini usitulazimishe kushika sahani."

Alicheka, nami nilicheka, kwa sababu maneno yale yalikuwa mazuri. Lakini mke wangu hakucheka. Alikuwa amechoka kuona watu wakikimbia salo yake.

"Papa, minyi nakupenda," akaniambia, "lakini iyi filme ni dawa ya usingizi. Tafuta muntu moja, moja tu, mwenye kukaa na weye mpaka mwisho. Nakupatia miezi mbili. Ukikosa, saa yako ya siku ya Mungu tunaipatia bengine."

Nilikubali bila wasiwasi. Katika mji mzima, na mapadri wake, na wachungaji wake, na walimu wake, na wanajeshi wa Base, ningekosa mtu mmoja? Nikaanza na mwalimu wa Kifaransa, msomi, mtu wa vitabu. Alilala kabla mzee hajafika mlima wa kwanza, akaamka, akaniambia ni filme yenye kina, akaaga. Nikamwita jirani yetu mwimbaji wa kanisa. Huyo aliomba maji, akayanywa, akaondoka. Siku zangu zikawa zinakwisha.

Wakati huohuo mama mkwe wangu alikuja kutoka Kabongo kutibiwa mguu. Tukampa chumba kilicho ubavuni mwa salo, chenye rido, yaani pazia, mlangoni. Hapa lazima nieleze, maana si wote wanaishi kama sisi. Kwetu Waluba, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawatazamani, hawali wakionana, na neno la mmoja linamfikia mwenzake kwa kupitia mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima. Anayeivunja hutoa kuku, na aibu inabaki hata kuku akishaliwa.

Kwa hiyo tangu alipoingia niligeuza kiti changu kikaupa mgongo mlango wake, na sauti ya televizio nikaipunguza. Nilipoanza filme nilikuwa nasikia kiti chake kinakwaruza sakafu mle chumbani. Nikajua mama anasogea mbali, kelele zinamchosha. Nikawa namtuma mke wangu aniombee msamaha. Jibu lilikuwa lilelile: hapana neno. Nikapunguza sauti tena, mpaka mzee wa meza akawa anatembea mlimani kama paka.

Ikafika siku ya Mungu ya mwisho niliyopewa. Mke wangu alikuwa amekwenda mazoezi ya korali ya kanisa, na watoto wamemfuata. Nilifungua filme peke yangu. Mzee alikuwa njiani, mvua ya kule imeanza kumpiga, ndipo shemeji akaingia na flashi yake mkononi, anatabasamu.

"Shemeji, ulipata muntu?"

"Hapana."

"Basi pole. Mukataba ni mukataba."

Akachukua telekomande ya televizio, akachomoa meza yangu, akachomeka vita vyake. Risasi zikaanza. Nilimwachia, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini iliniuma, tena sana. Ukipenda kitu peke yako kwa miaka mingi, unaanza kujiuliza kama kweli kipo, au wewe tu ndiwe mwenye kasoro. Mimi ambaye sijawahi kuona haya kwa filme zangu, siku ile niliona haya.

Na hapo sauti ikatoka nyuma ya rido.

"Nani amefunga?"

Shemeji akashtuka. Mimi nikaganda kitini.

"Weye mutoto, nasema na weye! Rudisha ile filme. Ule muntu hajafika kwake. Mvua inamupiga na meza ku mugongo, na weye unatuletea bunduki?"

"Mama," shemeji akasema polepole, "mukwe wako iko hapa."

"Najua iko wapi! Siku zote anakuwa hapo. Rudisha!"

Yee, mama yangu! Nilitoka mle salo nikiwa nimeinamisha kichwa, nusura nianguke kifudifudi, nikajigonga kwenye meza ya redio, nikatokea nje uani bila viatu. Mama mkwe wangu amesema mbele yangu. Amesema kwa nguvu, jirani amesikia. Mwanamke ambaye hajawahi kunikoholea karibu, amevunja heshima yote ya ukoo kwa ajili ya mzee wa nchi ya mbali na meza yake.

Nikasimama chini ya mpapai na kuanza kuelewa. Kile kiti kilichokuwa kinakwaruza hakikuwa kinasogea mbali. Kilikuwa kinakuja mlangoni. Mama wa watu alikuwa anaangalia kupitia upenyo wa rido, siku ya Mungu baada ya siku ya Mungu, na mimi kwa adabu zangu nilikuwa nampunguzia sauti.

Ndani, risasi zilinyamaza. Shemeji hawezi kumkatalia mama yake, na hawezi kutoka kabla hajaruhusiwa. Basi akakaa. Nikaisikia filme inaendelea, na sasa mama akaamuru sauti iongezwe. Nikausikia mkate unavunjwa. Nikasikia miguu ya meza inagusa mawe. Mwenye filme alikuwa nje na kuku, wenye nyumba wanaangalia.

Mke wangu alirudi akanikuta hapohapo.

"Papa, kuko nini? Viatu biko wapi?"

"Beko banaangalia filme."

"Nani?"

"Mama yako. Na ndugu yako, kwa nguvu."

Alinitazama kama ninaumwa malaria. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka muziki wa mwisho. Watoto nao wakaingia, hawakutoka. Alipokuja tena uani alikuwa anatembea taratibu, na uso wake haukuwa wa mzaha.

"Mama anaomba umusamehe," akasema. "Kesho atatoa kuku."

"Asitoe kitu."

"Atatoa. Na anauliza neno moja. Anasema, pale njiani, pa kwanza, wakati ule muntu anashusha meza na uso wake uko na maji. Alikuwa analia, ao ilikuwa mvua?"

Niliuegemea mpapai. Swali lile ni langu. Nililibeba toka Lubumbashi, toka lile jumba tupu. Niliirudia filme mara zisizo na hesabu nikimsogelea yule mzee usoni, na kati ya watu wote niliowakalisha kwenye viti vyangu, wasomi na wasiosoma, hakuna aliyewahi kuuona uso ule. Mwanamke mwenye mguu mbovu aliuona kupitia upenyo wa rido.

Mke wangu akanisogelea, akanigusa shavu, kidole kikatoka na maji.

"Na weye, Papa?"

Ilikuwa kiangazi, mbinguni hapakuwa na wingu.

"Alikuwa analia," nikamwambia. "Enda umuambie mama. Alikuwa analia."