Mume Wangu Kwenye Mstari wa Asubuhi

Mume wangu alirudi kutoka jela na adabu nyingi mno, na adabu hiyo ikaninyima raha. Yule niliyemjua aliingia nyumbani kwa kelele, akidai chakula kabla hajakaa. Huyu niliyerudishiwa alisimama nje ya mlango, mvua ya Kericho ikimnyeshea, akingoja nimkaribishe.

"Ingia basi! Nyumba ni ya nani?" nikamfokea.

Akaingia. Akaketi nilipomwonyesha, akala nilichompa, kisha akanirudishia bakuli kwa mikono miwili. Nilitamani kumpiga nalo.

Pombe ndiyo iliyomfunga. Kule kwetu ziwani, kwenye matanga, alimpiga jirani kwa kigoda na jirani akapoteza jicho. Wakati yeye akivunja mawe ya barabara, mimi nilihamia shamba la chai, nikachuma majani na kumwomba Mungu ambadilishe. Mungu alisikia. Sasa niliogopa kwamba alisikia kupita kiasi.

Tena kulikuwa na jambo la kazi. Kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, mwanamume asiye na kazi hakuruhusiwa kulala. Nyapara alikuwa ameniambia wazi: Jumatatu aje kwenye mstari wa kugawiwa kazi, akifaa atapewa jembe, asipofaa aondoke. Kuondoka kulikuwa kurudi ziwani, na huko ndugu za yule jirani walikuwa wameapa kumvizia njiani wamuue. Mstari ukimkataa, ningebaki mjane.

Jumapili sikutulia. Nilifagia nyumba iliyokwisha kufagiwa, nikatoka, nikarudi, nikafagia tena.

"Mume wangu, ukiulizwa kitu kesho, jibu kwa sauti."

"Ndiyo."

"Usiangalie chini."

"Ndiyo."

"Na usiniitikie hivyo, mimi si askari wako!"

"Ndiyo, mama," akasema, macho chini.

Asubuhi chuma kiligongwa, ukungu bado umelala juu ya chai. Wanawake tulitakiwa kupita moja kwa moja kwenda kuchuma, lakini mimi nilibaki nyuma nikijifanya nafunga kamba ya kikapu. Wanaume walikuwa wamesimama ovyo ovyo, wamejitanda magunia, wakipiga miayo. Mume wangu alikuwa katikati yao. Nyapara akaja. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Merigi, mrefu, ndewe za masikio zikimkaribia mabega, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Akainua fimbo.

"Mstari!"

Mume wangu akachuchumaa. Papo hapo kwenye matope, magoti yamebanana, kichwa kimeinama, peke yake katikati ya miguu ya wenzake. Kando yake aliacha nafasi ya mtu mmoja, maana jela wafungwa huchuchumaa wawili wawili wakihesabiwa.

Kicheko kikalipuka. "Mfungwa huyo!" mmoja akapiga kelele. "Mkamateni!"

Damu ilinichemka. Nilibwaga kikapu, nikaenda nikimwambia asimame, asimame sasa hivi, anataka kutuua? Hakunyanyuka. Hata sidhani alinisikia. Nyapara akanyoosha fimbo mbele yangu.

"Mama, wacha. Hii mimi najua."

Nikajua yameisha. Nilikuwa naanza kufikiria nguo zipi za kufunga, nani wa kumbembeleza. Nyapara akamwendea, akainama, akamgusa utosini kwa vidole na kusema polepole, "Moja. Umehesabiwa. Simama."

Mume wangu akasimama mara moja. Kicheko kikakatika, na wanaume wakamtazama nyapara kana kwamba ndiyo kwanza wanamwona leo.

"Mnashangaa nini?" akawauliza. "Mimi nilikaa ndani kwa sababu ya ng'ombe ya watu. Nikarudi kwa mama yangu, nikachuchumaa kwa boma, mbele ya ndama. Nani anataka kucheka tena?"

Akageuka akaonyesha majembe yaliyoegemezwa ukutani mwa stoo.

"Chukua jembe."

Mume wangu akaenda, akasimama mbele ya majembe, mikono chini, akingoja kupewa.

"Hapana," nyapara akasema. "Chagua mwenyewe."

Mkono wa mume wangu ulitoka, ukarudi. Akashika moja, akalipima uzito, akaliacha. Akagusa jingine. Nililia waziwazi pale kwenye matope, kwa sababu tangu arudi sikuwa nimemwona akichagua kitu chochote. Wanaume wakaanza kunung'unika kwa baridi. Nyapara akawanyamazisha, nasi sote tukamngoja mume wangu achague.