Siku Majimbo Hamsini Yalipomwagwa Kichwani kwa Mdogo Wangu

Kila ninaposikia mahindi yakipasuka kwenye sufuria, hata kabla harufu haijanifika, mkono wangu huenda utosini wenyewe. Wenzangu sinemani hudhani nina kipandauso. Sina. Nakumbuka sarafu. Kwetu bisi hazikuwa za kutafuna tu. Zilikuwa za kumwagwa, na zilimwagwa pamoja na pesa, na robo dola ikikupata utosini kutoka mkono wa Bibi yangu huwezi kuisahau upesi.

Nawaeleza wasiojua. Katika ukoo wetu wa Unguja, mtoto akishaota jino la kwanza hukalishwa kwenye sinia, akamwagiwa bisi, njugu, peremende na pesa za chuma huku wanawake wakipiga vigelegele. Watoto wa mtaa mzima hugombania. Unachookota ni chako. Hakidaiwi wala hakirudishwi, hata kama umekiokota mapajani mwa mwenye sherehe. Mdogo wangu Haitham aliota jino lake tukiishi Silver Spring, Marekani, kwenye jengo refu la fleti, na Bibi alikuwa amekuja kututembelea.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na shughuli zangu mwenyewe. Miaka ile serikali ilikuwa imetoa robo dola za majimbo, kila jimbo na mchoro wake, nami nilikuwa na jalada la kadibodi lenye ramani ya Marekani, na tundu kwa kila jimbo. Baba, aliyekuwa akipokea malipo kwenye maegesho ya magari mjini, ndiye aliyenianzisha. Akiona sarafu mpya kazini, aliweka robo yake mwenyewe na kuniletea ile. Nilikuwa nayo majimbo yote hamsini: Georgia na tunda lake la pichi, Wisconsin na ng'ombe wake, Maine na mnara wake wa taa. Ilibaki moja tu, iliyotoka baadaye, ya Washington D.C., mji tuliokuwa tukiufikia kwa treni lakini ramani haikuutengea hata tundu. Baba alilitoboa kwa wembe ubavuni mwa Maryland. Nililitazama tundu lile kila siku kama mtu anayetazama pengo la jino, na sarafu mpya mwaka ule ziliadimika vibaya.

Bibi naye alizitaka sarafu mpya, kwa sababu zake. Bisi, alisema, hazimwagwi na pesa iliyochakaa. Basi tukaongozana hadi benki, yeye na kanga zake juu ya koti la Mama, mimi mkalimani. Niliomba vifurushi vya robo dola mpya, vile vilivyofungwa kwa karatasi. Binti wa dirishani akatabasamu kwa majuto: mpya hawajaletewa, na vifurushi walivyo navyo vimeagizwa na wenye biashara.

"Kasemaje?" Bibi akauliza.

"Hawana, Bibi."

"Benki haina pesa?" Akamtazama yule binti kwa huruma ya kweli. "Maskini. Mwambie pole. Mwambie Mungu atawafungulia."

Nikamwambia pole. Binti akashukuru sana, na nadhani hadi leo hajui alipewa pole ya nini. Tukajaribu kwa muuza nyama na kwa majirani wenye chenji ya mashine za kufulia, lakini tulichopata kilikuwa cheusi na kimesagika. "Haya," alisema Bibi tukipanda ngazi, "ntajua la kufanya." Mimi nikaridhika. Watoto hawajui kuogopa maneno kama hayo.

Jumamosi nilirudi kutoka chuoni, tulikokuwa tukisoma Kurani, nikakuta sebule imefurika. Wenzangu wa chuoni walikuwepo, na Brian, Mkenya wa ghorofa ya juu, na ndugu zake, na Divine, binti wa jirani zetu Wakongo. Haitham alikuwa amekalishwa kwenye sinia lake, udende unamtiririka. Nikajipenyeza mbele. Bibi akainua bakuli. "Bismillahi!"

Ya kwanza ikanipiga utosini, ikaanguka magotini. Nikaiokota: ng'ombe. Wisconsin, na inang'aa ajabu. Nikajisemea, wallahi nzuri, kama yangu. Ikaja pichi. Ukaja mnara wa taa. Hapo nikageuka kutazama kabatini. Jalada langu lilikuwa wazi, matundu matupu yananikodolea macho.

"Bibi! Those are mine! My states!"

"Okota, mwanangu!" akapaza sauti juu ya vigelegele. "Okota, wenzio wanakumaliza!"

Kumbe Bibi alilikuta jalada nyuma ya vikombe vya kahawa, akaamini Baba ameziweka tayari kwa shughuli, tena kazipanga kwa ustadi. Alizichomoa moja moja kama anayemenya njugu, akazisugua kwa ukwaju na chumvi hadi zikametameta. Na Baba alikuwa amenifundisha kwamba sarafu ya kuweka haifutwi hata kwa kidole!

Kulia kwenye bisi ni mwiko, mtoto atakuwa wa vilio. Basi nikafanya lililobaki: nikajitosa. Nilipiga viwiko, nilitambaa chini ya meza.

"Wee, hiyo ni yangu, nimeishika first!" Brian alipiga kelele.

Divine alizikalia zake kama kuku. Haitham alikuwa ameibana Hawaii kiganjani, Mama anahangaika kuitoa isiende kinywani. Na mahali fulani katikati ya vurugu ile, bisi zimejaa nywele, nikagundua kwamba ninacheka, tena nacheka hadi mbavu zinauma.

Mama alipoliona jalada alishika mdomo. Bibi akaelezwa, akakaa kitako. "Ya Rabi," alisema. "Kwa hiyo mjukuu wangu kamwagiwa Marekani nzima?" Akacheka hadi kanga ikamwanguka. Baba aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka, nilidhani analia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sarafu huzoleka, taabu ni kwamba huzolewa na kila mtu. Bibi hakuivunja sheria ya bisi hata kwa ajili yangu. Aliwakalisha wote, akawaambia, "Mlichookota ni chenu. Lakini mwenzenu Raya ana njaa ya majimbo. Mtafutieni."

"Mi niko na Texas," Divine akaniambia. "Siwezi kukupa. Lakini nitakutafutia ingine, promis."

Walitafuta kweli. Watoto ambao hawakuwahi kuitazama sarafu mara mbili walianza kugeuza kila chenji. Mama Divine, aliyekuwa akisafisha maofisi Rockville, alimwaga pochi yake mezani kila jioni ili bintiye achambue. Brian aliwatia kazini binamu zake wa Lanham. Kilichoshindikana benki kilianza kubisha hodi mlangoni kwetu, mara nyingi kikiwa kinanata peremende. Bibi hakuwa ameondoka bado, ramani ikajaa tena. Ile ya D.C. aliileta mdogo wake Brian, akaninyooshea, akaivuta, akaninyooshea tena.

"Nilifind kwa sadaka ya church," alisema. "Lakini nilibadilisha na yangu. Sikuiba."

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Bibi. Kisha Bibi akafariki huko Unguja, na sisi hatukuweza kusafiri. Asubuhi ile nilifungua mlango nikamkuta Brian na sufuria la chai la mama yake. Divine akaingia moja kwa moja jikoni bila kuuliza. Wale wa chuoni wakajaa sebuleni kumsomea khitma, watu wazima wenye ndevu na watoto wao, hata Haitham akakosa pa kukaa. Mama alinivuta kando, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: wiki za mwanzo Bibi hakuwa akilala vizuri kwetu. Alikuwa akiitazama ile korido ndefu ya milango iliyofungwa na kuuliza, "Mtoto huyu akilia, nani atasikia?" Ndiyo maana alitaka pesa zing'ae. Alihitaji kitu cha kuwatoa watoto wa jengo lile milangoni mwao.

Nikalia siku ile, kwa sauti, na nyumba nzima ikasikia.