Mchicha wa Kwenye Betri

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi moja Ruangwa, muuguzi kutoka Nambilanje alitua betri ya sola ya zahanati, imekufa.

"Naomba karatasi inayoonyesha inakopelekwa."

"Mama, iache tu. Itafika panapohusika."

"Ya mwaka jana ilifika wapi?"

Karani akaelekeza kidevu dirishani. "Madini ya risasi ya ndani walichukua wawindaji wenye magobore, wakayeyushie goroli za kupigia. Ganda lile pale, tumepandia mchicha."

"Baba, hiyo ni sumu!"

Karani akacheka. Muuguzi akakunja ngata, akajitwisha betri yake, akaondoka bila kuaga.

Mimi, niliyekuwa pembeni ya kaunta, sikucheka. Mchana huwa nakula pale ofisini, ugali kwa mchicha. Mkiniuliza betri mbovu za wilaya yetu zinaishia wapi, jibu ninalo tumboni, na siku zote niliomba niongezwe.